Nafasi ya Bi Mashavu

Kwanza niseme wazi, asije mtu akanitafuta bure: Wilaya yetu ya Tulizana haina tatizo lolote. Halikuwepo, halipo, na aliyewahi kusema lipo hayupo. Mkisikia sauti yangu inatetemeka, msidhani naogopa. Inatetemeka kwa sababu ya kiufundi, nitawaeleza tukifika mwisho. Naitwa Mwinjuma, balozi wa nyumba kumi mtaa wa Mikoroshoni. Kazi ya balozi ni kujua nani kalala wapi na nani kapika nini, halafu kusahau upesi yale ambayo serikali haikuuliza.

Mambo yalianza siku Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alipokuja kutufungulia kalvati. Kalvati lenyewe lilikuwa dogo, ng'ombe alilivuka bila kujua amevuka kitu, lakini hotuba ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Katikati ya hotuba Mlezi akatunyooshea mkono akasema, "Ninyi watu wa Tulizana, ambao mko elfu sitini kamili!" Jamani, tulikuwa zaidi. Kila mtu pale uwanjani alijua tulikuwa zaidi, hata kwa kutazama tu. Msaidizi mmoja akainama kumnong'oneza kitu sikioni. Msaidizi huyo siku hizi ni mtunza mnara wa taa za meli katika mkoa usio na bahari.

Sasa, katika nchi yetu Mlezi hakosei. Watoto wanafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kuoga. Kama Mlezi hakosei na amesema tuko elfu sitini, basi waliokosea ni watu, kwa kuwa wengi mno.

Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Dokta Mkamba, akatuita mkutanoni. Udaktari wake alitunukiwa na chuo kimoja siku alipokifungua, na chuo kikafungwa siku iliyofuata. Alisimama jukwaani akafuta jasho na kusema:

"Ndugu wananchi! Takwimu ni jambo takatifu. Watu huja na kuondoka, huzaa, hutembeatembea hovyo, lakini takwimu imetulia palepale ilipotamkwa. Hatuwezi kuibadili takwimu kwa sababu ya watu. Tutawabadili watu kwa sababu ya takwimu. Zoezi hili linaitwa Kusawazisha, na ni la hiari kwa wote watakaolazimika!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka moto, maana nilikuwa nimekaa mbele.

Vikatengenezwa vibati. Mabati yalikuwa yameletwa kuezekea shule, lakini elimu ikaonekana inaweza kusubiri. Kila mkazi akapewa kibati chake, kiduara kidogo chenye jina lake na kitundu cha uzi, akivae shingoni. Vilipotimia elfu sitini, mashine ya kugongea majina ikavunjwa kwa nyundo hadharani, tukapiga makofi tena. Tangu siku hiyo mwenye kibati ni mtu. Asiye nacho anaitwa ziada.

Ziada walipandishwa lori lenye turubai la kijani, wapelekwe Wilaya ya Vumilia ng'ambo ya mto wakaishi huko. Utaratibu mzuri kabisa. Kwa bahati mbaya Vumilia nao walikuwa na takwimu yao, Mlezi aliwatamkia wakati akifungua kisima. Lori likafika mpakani, wakalikataa. Likarudi kwetu, tukalikataa. Basi likageuza, na mpaka leo linageuza. Linasimama katikati ya daraja tu, kwa sababu daraja ni mali ya Wizara ya Ujenzi, si la wilaya yoyote. Hapo ziada hushushwa wakanywa maji na kunyoosha miguu, halafu hupandishwa tena.

Siku za gulio lori hupita mtaani kwetu. Ukiwa karibu unasikia watu wanakohoa chini ya turubai, au mtoto analia, au mtu anatoa salamu. Maelekezo ya Boma, yaani ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ni kwamba lori likipita kila raia atazame kidole gumba cha mguu wake mpaka lipite. Nimelijua dole gumba langu vizuri sana miaka hii.

Mkwe wangu Shomari alichukuliwa siku ya kwanza. Alikuwa amekwenda Vumilia kununua godoro, kwa sababu mke wake, binti yangu Siwema, alikuwa na mimba changa na kitanda chao kilikuwa cha kamba. Alirudi na godoro kichwani, vibati vimeshagawiwa. Mtendaji wa kata, Bwana Kingalu, akamzuia hapo hapo mlangoni kwangu.

"Wewe hupo," akamwambia.

"Ala! Bwana Kingalu, si mimi Shomari? Juzi tu tumecheza bao, ukanifunga."

"Nakukumbuka vizuri sana, ndugu yangu. Ila hupo."

Wakampandisha. Godoro lilibaki, kwa sababu godoro halihitaji kibati. Siwema alilia akilikumbatia lile godoro, na mimi nilisimama kando nikitazama dole gumba. Nilikuwa naogopa, nawaambia kweli. Niliogopa hata kumwambia mwanangu pole.

*

Mtaniuliza, na watoto waliozaliwa baadaye? Serikali yetu haikosi jibu. Mtoto akizaliwa lazima apatiwe nafasi, yaani kibati cha mtu aliyekufa. Na kibati cha marehemu ni mali ya Boma. Kinarudishwa, na Mkuu wa Wilaya mwenyewe ndiye anayegawa kwa haki. Haki ilianza na mashemeji zake waliokuwa wakisubiri kwenye nyumba ya wageni, ikaendelea na ndugu wa dereva wake. Mtoto aliyekosa nafasi alipelekwa kwenye lori akishanyonya mara ya kwanza. Mama asiyetaka kumwachia alipanda naye. Hakuna mama aliyekubali kumwachia.

Kwa hiyo Siwema, tumbo likikua, alikuwa anajua anakokwenda. Na mimi nilijua. Tulikuwa tunakula chakula cha jioni kimya, na tumbo lile limekaa katikati yetu.

Mle ndani tulikuwa na mtu wa tatu, mama yangu mzazi, Bi Mashavu, mzee kuliko wote mtaani na mwenye ulimi kuliko wote wilayani. Alikuwa anakohoa. Zamani mtu akikohoa majirani walikuja kumjulia hali kwa huruma. Desturi hiyo haikufa, ila ilipata macho mapya. Boma lilikuwa limetangaza kwamba atakayewahi kuleta kibati cha marehemu atafikiriwa, mashemeji wakiisha. Basi kila nyumba yenye mjamzito ikaleta uji kwa mama yangu. Walijipanga barazani na mabakuli, wanamtazama shingoni.

"Leo umeamkaje, bibi?"

"Nimeamka vizuri."

"Ah," anasema mgeni, uso unamshuka. "Vizuri kabisa? Hata kifua?"

"Hata kifua. Na uji wako hauna sukari. Ukitaka nife kwa ajili yako, angalau weka sukari."

Wakiondoka anacheka mpaka anapaliwa, na wao wakisikia anapaliwa wanarudi mbio. Mimi sikucheka hata mara moja.

Mila ya kwetu mnaijua, na kama hamuijui nitawaambia. Mtoto akipewa jina la mkubwa, anapewa na heshima yake. Mimi nina mjomba anayemwamkia mjukuu wake shikamoo, kwa sababu kijana amebeba jina la baba yake. Bwana Kingalu mwenyewe, pamoja na utendaji wake wote, ana mwanawe mdogo ambaye yeye humwita baba, na kijana huyo ndiye anayeanza kunawa mkono mezani. Si mchezo. Kwetu mwenye jina ndiye mtu.

Siku moja mama alikuwa amelaza mkono juu ya tumbo la Siwema, akiliambia, "Mume wangu huyo, anapiga mateke ananitafuta." Halafu akaniita.

"Mwinjuma. Nikifa usilie."

"Mama, usiseme maneno hayo."

"Nasema usilie. Ukilia Boma watasikia. Kibati changu kisitoke mlango ule. Mvalisheni huyu. Mpeni jina langu na nafasi yangu, na akiulizwa Bi Mashavu yuko wapi, semeni huyu hapa. Mtakuwa mmesema uongo?"

"Hapana, mama. Na akiwa wa kiume je?"

"Kwani hao wanatazama?"

Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, penye migomba. Kuficha kifo kunaitwa wizi wa nafasi, na balozi anayeiba nafasi anachukuliwa yeye na zile nyumba kumi zote. Nikasema moyoni, mama yangu atatuua kwa kufa kwake.

*

Alikufa saa tano asubuhi, na uchungu wa Siwema ulianza saa ileile, nafikiri kwa hofu. Mkunga alikuwa jirani yetu Bi Somoe. Alimfumba mama macho, akanawa mikono, akageukia upande wa pili wa chumba kumpokea mtoto.

Sasa tazama tabu yetu. Msiba una kilio na uzazi una vigelegele, na sisi hatukuruhusiwa kimoja wala kingine. Wanawake wa mtaa walishajua, wanawake hawafichwi jambo. Walikuwa wamejaa uani wameshika vinywa. Mtu mmoja tu akishindwa kujizuia, lori.

Alituokoa Mlezi wa Taifa, Mungu amzidishie. Kila adhuhuri spika za kwenye nguzo hurusha hotuba yake, na kila anapotajwa ni wajibu wa kila mwanamke kupiga kigelegele. Spika zikakoroma. "Mheshimiwa Mlezi wa Taifa..." Loo! Uani pakalipuka. Walipiga vigelegele wakilia machozi, wakapiga na kupiga, mwingine anapiga huku amejiangusha chini anagaragara. Hotuba ilikwisha na wao wanaendelea. Jioni Bwana Kingalu akatuma pongezi kwamba mtaa wa Mikoroshoni unaongoza kwa uzalendo.

Katikati ya kelele hizo Bi Somoe akatoka na mtoto ndani ya kanga.

"Bi Mashavu kazaliwa dume," akasema. Akamfunga kibati.

Ikabaki kumzika mama. Nilianza kuchimba mchana kweupe kwenye migomba, maana anayechimba kwa kujificha huulizwa zaidi. Nimefika kiunoni, nikasikia viatu. Bwana Kingalu.

"Balozi, unachimba nini?"

Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo. Ikanitoka yenyewe: "Choo."

"Choo!" Karibu anikumbatie. Wakati ule kulikuwa na kampeni, Choo Bora ni Uzalendo, na kata yake ilikuwa ya mwisho. "Hatimaye mtu mmoja mwenye akili! Chimba, ndugu yangu, chimba kirefu. Nakwenda kutoa taarifa Boma."

Tukamwosha mama, tukamvika sanda, tukamswalia majirani wanne tukiwa tumesimama kando ya shimo, tunaomba dua kwa sauti ya watu wanaobishana juu ya udongo. Nilimlaza kwa mikono yangu. Baada ya kufukia nikajenga kuta za matofali juu yake, nikaezeka, nikatia mlango. Nyumba ile ilikuwa nzuri kuliko aliyoishi. Mlangoni nikaandika CHOO kwa chokaa, na mkono ulikuwa unakataa kuandika.

*

Mheshimiwa Dokta Mkamba akaja kukizindua. Mimi nilidhani taarifa itakaa Boma mwaka mzima kama taarifa nyingine, kumbe za vyoo zinakwenda haraka. Alikuja na magari, na utepe, na shemeji yake mmoja wa kike aliyekuwa ameshika sanduku la nguo. Shemeji huyo alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya nafasi, na alikuwa amesikia kwamba kuna mzee anakohoa.

"Ndugu wananchi!" akaanza Mkuu. "Taifa ni kama tumbo!" Akaeleza kwa kirefu, sitarudia. Alipomaliza akauliza, "Na Bi Mashavu, mzee wetu mpendwa, yuko wapi? Nasikia afya yake si nzuri." Shemeji akasogeza sanduku mbele.

Siwema akatoka na mtoto mikononi. Uso wake ulikuwa mkavu, sijawahi kuona uso mkavu namna ile.

"Huyu hapa," akasema.

Bwana Kingalu akanitazama mimi, mimi nikatazama dole gumba. Nilijua anachopiga hesabu kichwani. Akisema huyu ni mtoto mchanga, ataulizwa mzee alikwenda wapi, na kwa nini mtendaji alipeleka taarifa kwamba kata yake ni shwari. Akainama, mtu mzima na kofia yake.

"Shikamoo, bibi."

Mkuu wa Wilaya akamtazama mtendaji wake, akakitazama kibati. Kibati kilikuwa halali, amekigawa yeye mwenyewe. Kukitilia shaka ni kuitilia shaka takwimu, na takwimu ilitamkwa na nani? Akakohoa, akasogea kumpa mzee mkono. Hapo hapo Bi Mashavu, aliyekuwa hana nguo chini ya kanga, akakojoa. Akakojoa juu kwa juu, kama wanavyokojoa wanaume wa umri wake, suti ya serikali ikalowa kuanzia kifungo cha kati.

Nikafumba macho. Nikasema basi, tumekwisha, lori.

"Bibi," nikasikia sauti ya Mkuu, taratibu, "bado ana nguvu sana." Akajifuta na leso. "Wazee hupungua, ndugu wananchi. Ni kawaida. Huyu amepungua vizuri. Tazameni ngozi! Hayo ndiyo matunda ya utawala bora!"

Tukapiga makofi mpaka shemeji akarudisha sanduku garini.

Nikadhani yamekwisha. Mkuu akakata utepe, akasema, "Na sasa mimi nitakuwa wa kwanza kukitumia."

Mungu wangu! Mama yangu yuko chini pale, na mtu mzima anakwenda na mkanda wake. Nikakimbilia mbele bila kujua nitasema nini. Alikuwa ameshafungua mlango, amesimama anatazama sakafu niliyoisiriba laini mwanzo hadi mwisho.

"Balozi. Mbona hakina tundu?"

"Ni cha kisasa, Mheshimiwa," nikasema. "Vya kisasa havina tundu."

Akafikiri. Nyuma yetu watu wote wanasikiliza. Mtu aliyesoma kama yeye, asijue choo cha kisasa?

"Naam," akasema. "Naam, nimeviona vya aina hii ng'ambo." Akaingia, akafunga mlango. Nilisimama nje nimeshika ukuta, nikimwomba mama radhi kimoyomoyo. Hakuna kilichosikika. Akatoka, uso umebana, haja yake bado anayo yote. "Safi kabisa," akasema, akaenda kwenye gari kwa hatua za haraka.

*

Kuanzia hapo vyoo vya kisasa vikaenea Tulizana. Kila penye mgonjwa kikachimbwa kimoja, na kila penye mimba akatokea mzee aliyepungua. Mitaani ungekuta vikongwe wanatambaa, wazee wa baraza wananyonya, na watendaji wanapita wakiwaamkia. Boma hawakupata kibati tena. Mashemeji wakakaa nyumba ya wageni mpaka wakagombana na mpishi. Tukapewa nishani ya vyoo. Halafu redio ikatangaza kwamba Tulizana ndiyo wilaya pekee duniani ambayo watu wake hawafi.

Hilo ndilo lililotuponza, kwa sababu Mheshimiwa Mlezi naye husikiliza redio, na Mheshimiwa Mlezi alikuwa anaumwa.

Ikaja habari kwamba Mlezi amechagua kuwa mkazi wa Tulizana. Walinzi wake hawatahesabiwa kwa kuwa ni vivuli vyake, lakini yeye atahitaji nafasi moja. Na akifika tu anataka kukaa na Bi Mashavu, mzee kuliko wote, amweleze siri ya kuishi.

Boma hawakulala. Mlezi apate kibati, na mashine imevunjwa. Mlezi asimwone Bi Mashavu, maana hata akili ya Mlezi ina mahali itakapouliza swali. Mkuu wa Wilaya akapata wazo moja lililomaliza yote mawili. Bwana Kingalu akaja kunisomea amri barazani: Bi Mashavu, kwa moyo wa uzalendo, atampisha Mheshimiwa Mlezi. Lori kesho asubuhi.

Mdomo wake ulikuwa mweupe. Alikuwa na choo cha kisasa kwake pia, mke wake alikuwa amejifungua mwezi uliopita.

"Bwana Kingalu," nikamwambia, "unajua Bi Mashavu ni nani."

"Namjua, ndugu yangu. Nilimwamkia."

"Sasa kweli utampakia?"

"Mimi nimetumwa kuchukua kibati na aliyekivaa." Akavua kofia, akaishika mikononi. "Kibati na aliyekivaa, Mwinjuma. Sikutumwa kingine." Akaenda zake.

Asubuhi Siwema alijifungia chumbani na mtoto na mchi wa kutwangia. "Baba," akasema kupitia mlangoni, "atakayeingia humu namvunja kichwa, hata akiwa wewe." Nikamwambia afungue, sijaja na mtu. Ilichukua muda. Alipofungua nilimkuta anatetemeka mwili mzima, na mimi natetemeka, na mtoto katikati anacheka anashika ndevu zangu.

Nikamvua kibati. Siwema akapiga ukelele. Nikavua na changu, nikamfunga mtoto, kikamfika kitovuni. Cha mama nikajifunga mimi.

"Baba, unafanya nini?"

"Nyamaza, mwanangu. Nitafutie kanga za bibi yako."

Nikajitanda, nikatoka kukaa barazani kwenye kigoda cha mama. Nilikuwa naogopa, jamani, sitaki kuwadanganya. Wakaja Bwana Kingalu na mgambo wawili wageni. Kingalu akaitazama kanga, akazitazama ndevu zilizotokeza chini yake. Akakitazama kibati kwa muda mrefu.

"Shikamoo, Bi Mashavu," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, bibi." Machozi yakamshuka. "Nipe mkono nikuinue."

Mgambo mmoja akauliza, "Na balozi wa mtaa yuko wapi? Lazima ashuhudie."

Siwema akatokea mlangoni na mtoto begani. "Balozi huyu hapa," akasema. "Amelala."

Mgambo wakasimama wima wakampigia saluti.

*

Niliwaahidi kuwaeleza sababu ya kiufundi ya sauti yangu kutetemeka. Ni springi za lori hili. Zimekufa zamani, na barabara ya Vumilia ina mashimo. Basi nusu ya mtetemo ni springi.

Kibati walinivua hapo hapo, kikapelekwa kwa Mlezi. Kwa kuwa hakuna mashine ya kugonga jina jipya, Mlezi wetu kisheria sasa ni Bi Mashavu, na wanaoletwa huku wapya wanasema akiitwa hivyo anaitika. Wanasema pia anakohoa, na wageni wanamletea uji.

Huku ndani nilimkuta Shomari, amekonda, ndevu zimemfika kifuani. "Shikamoo, baba," akaniambia kwa adabu, akanipisha mahali pake penye gunia. Nikamweleza kwamba ana mtoto wa kiume, kwamba mtoto alikuwa bibi yake na sasa ni baba mkwe wake, na kwamba ni balozi wa nyumba kumi. Alicheka na kulia kwa pamoja. Tunasikia mikutano ya mtaa siku hizi imekuwa mifupi, kwa sababu balozi akianza kulia watu hutawanyika.

Leo ni siku ya gulio. Hivi punde tumepita Mikoroshoni. Turubai lina tundu, tukaweka jicho kwa zamu. Mtaa mzima ulikuwa umeinamisha vichwa, kila mtu na dole gumba lake. Siwema peke yake alikuwa amesimama mlangoni, kichwa juu, anatazama lori. Akapaza sauti.

"Mwinjuma! Wewe Mwinjuma! Njoo ule, baba!"

Shomari akanishika mkono. "Anakuita."

Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Nikakiziba kwa viganja vyote viwili, nikauma kidole, nikasubiri. Ndani ya nyumba sauti ndogo ikaitika.

"Naam!"

Dereva akabadilisha gia, tukaelekea darajani.